Kopo Lililofika Nusu

Tarehe 3 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Kabla sijasema la kusema, ujue barua hii inatoka kwa mtu ambaye akikohoa, hoteli nzima inasimama. Wiki iliyopita nilishikwa na kichwa nikakaa nyumbani nusu siku. Nusu siku tu. Wateja mia mbili walikosa chakula cha mchana. Mwenye hoteli alikuja mwenyewe na viatu vyake vya ngozi, akasimama mlangoni kwangu kama mtu aliyekuja kuposa. "Bwana mkubwa," akaniambia, "bila wewe pale hakuendeki." Nikamwambia asubiri kwanza nioge.

Sasa tuje kwa mama yako. Najua umeshasikia maneno kutoka kwa dereva wa lori la magodoro, maana yule mdomo wake ni mpana kuliko lori lenyewe. Ni kweli dada hayuko sawasawa. Kifua kinambana, anachoka upesi, na kule maofisini anakofagia wamemwambia apumzike. Lakini ni mafua, Sindano. Mafua yaliyokaa vibaya. Usiache cherehani yako ukaja huku mbio mbio watu wakakucheka. Jambo hili nalisimamia mimi. Daktari mkuu wa hospitali ni mtu wangu, tunaitana kwa majina ya utani. Nilimnong'oneza tu sikioni, akasema, "Dada yako ni dada yangu." Kesho atamwona yeye binafsi, hakuna foleni, hakuna nini.

Mama yako anakusalimu. Anasema ule. Anasema pia lile koti lako la zamani uangalie kifungo cha pili, kilikuwa kinalegea.

Mimi ni yule yule,
Mjomba wako,
Msimamizi Mkuu, Idara ya Maji ya Moto, Hoteli Kubwa


Tarehe 12 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika, nimeisoma mara mbili nikashusha pumzi. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa. Msimamizi wa zamu alinipa siku tatu, na nguo nilishaziweka kwenye mfuko. Baada ya barua yako nimeirudisha ile ruhusa, akapewa mwenzangu anayetaka kwenda kumwona mtoto wake. Kama ni mafua, na kama daktari mkuu ndiye anayemwona, basi nitakuja mwezi wa sita nikae wiki nzima.

Huku ni kola tu. Nashona kola za sare za shule kutoka asubuhi hadi jioni, mpaka nikifumba macho naziona zimepangana. Tunakaa wanawake wanne chumba kimoja. Mmoja anakoroma, mmoja anasali kwa sauti, na wa tatu, tunamwita Mcheshi, anawaigiza wote wawili.

Mwambie mama kifungo nimekishona. Mwambie nikija sitaki kuku wala nini, nataka supu yake ya tambi. Yeye anajua.

Na Mjomba, anakohoa alfajiri? Hukusema.

Mpwa wako,
Sindano


Tarehe 20 Aprili

Mjomba,

Nimerudi salama huku kazini. Najua sikukuaga vizuri pale kwenye lori.

Nilipofika nyumbani udongo wa kaburi ulikuwa bado umelowa. Majirani walikuwa wanarudisha viti vya kuazima. Mama mmoja ambaye hata simjui alinishika mkono akaniambia, "Pole mwanangu, ungewahi jana." Uliniandikia mafua, Mjomba. Ile barua ninayo, na neno mafua umelipigia mstari.

Sikuandika ili tugombane. Nina haja.

Tangu nimerudi chakula hakipiti. Kila nikitiacho mdomoni nakitafuna kama kitambaa. Jumatatu nilianguka kwenye cherehani, sindano ikapita kwenye kidole cha shahada. Msimamizi wa zamu alinifunga kidole yeye mwenyewe, kisha akasema, "Binti, nakuonea huruma, lakini ukianguka tena nakurudisha kwenu. Sitaki mtu afie kwenye kola zangu." Na mimi nikirudishwa huko, nitarudi kwa nani?

Kitu kimoja tu ndicho nakiwazia bila kichefuchefu. Ile supu ya tambi. Nilikuwa nikitoka shule jioni, nasikia mama anagonga mwiko ukingoni mwa sufuria, mara tatu, ko ko ko, nakimbia. Tambi zake zilikuwa nene, laini, zimevimba, hazikuwa kama za watu wengine. Na mchuzi ulikuwa na harufu ya kuungua kidogo, nikidhani kasahau sufuria motoni. Mwishoni ndimu. Alikuwa anaketi mbele yangu na kikombe chake cha maji ya moto, ananitazama nikila. "Kula, mimi nimeshakula kazini."

Sikujifunza kuipika. Kila nikisogelea jiko alinifukuza: "Nenda kasome." Lakini wewe ulikuwa kwetu kila jioni, lazima uliona. Niandikie alivyokuwa anapika. Usiache kitu.

Sindano


Tarehe 29 Aprili

Mpwa wangu Sindano,

Umemwuliza mtu mwenyewe. Supu ile ya tambi, sijui kama mama yako aliwahi kukwambia, nilimfundisha mimi. Mimi nami niliipata kwa mpishi wa jeshi, mtu aliyekuwa na mikono kama makafi, aliyekuwa akipikia watu elfu mbili kwa sufuria moja inayopandwa kwa ngazi. Alikataa kumpa siri hata kanali. Akanipa mimi. "Wewe una ulimi," alisema.

Basi sikia. Chukua tambi, zichemshe kwa saa tatu. Usicheke, ni saa tatu, ndiyo maana zinavimba. Halafu tia maziwa vikombe viwili, nyanya nne na sukari kidogo ya kuvunja ukali. Ile harufu ya kuungua ni ya maziwa yanayoshika chini. Koroga upande mmoja tu, ukigeuza mkono supu inakasirika.

Kuhusu yale mengine, Sindano, hata daktari mkuu alishangaa. Aliniambia, "Katika miaka yangu thelathini sijaona mafua ya namna hii." Alivua miwani akaifuta. Mimi ndiye niliyembembeleza yeye.

Kula. Mtu mwembamba kama wewe hana akiba, nilikuita Sindano tangu hujaota meno.

Mjomba wako,
Msimamizi Mkuu, Idara ya Maji ya Moto


Tarehe 13 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nilipika Jumapili kama ulivyoandika, saa tatu kamili, natazama saa ya Mcheshi. Imekuwa gundi. Mcheshi alichovya kijiko, kijiko kikasimama wima. Akasema, "Dada, hii si ya kula, hii tubandikie matangazo." Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Aprili. Halafu kicheko kikageuka, nikalia juu ya sufuria mpaka yule anayesali akaja kunitoa.

Mjomba, kwetu maziwa yalikuwa yanatoka wapi? Mimi chai ya maziwa nilikuja kuijua kwa watu. Jaribu kukumbuka. Funga macho uone jiko letu, lile la mkaa lenye mguu mmoja wa tofali. Mama amesimama. Ameshika nini? Anatia nini kwanza?

Nimekula vijiko viwili vya ile gundi kwa sababu ni wewe uliyeniandikia. Sketi ya kazini sasa naifunga na pini.

Sindano


Tarehe 21 Mei

Mpwa wangu,

Kosa si lako, ni la tambi. Tambi za huko kwenu hazina adabu. Nakutumia pakiti mbili kwa dereva wa lori la magodoro, mkague kama hajafungua.

Nimekumbuka vizuri sasa. Ile ya maziwa ilikuwa ya kanali. Ya mama yako ilikuwa ile niliyowapikia kwenye harusi ya mtoto wa mwenye hoteli, wageni elfu moja, mpaka bwana harusi akamwacha bibi harusi mezani akaja jikoni kunishika mkono. Hiyo ina mdalasini, karafuu kumi, viazi na siki. Siki ndiyo inayovimbisha tambi. Jaribu.

Niliingia chumbani kwa dada kutafuta kama aliandika mahali. Hakuandika popote. Kuna mwiko wake umetundikwa ukutani, umelika upande mmoja tu, upande aliokuwa akigongea. Kuna na kikombe. Sikukaa sana, nilikuwa na mkutano.

Mjomba wako,
Msimamizi Mkuu


Tarehe 6 Juni

Mjomba,

Ya siki nimeitapika. Nilianguka tena tarehe mbili, safari hii mbele ya meneja. Nimelazwa siku tatu katika chumba cha wagonjwa cha kiwanda. Msimamizi wa zamu kaniombea mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi ukiisha sijaweza kukaa kwenye cherehani, nafungashiwa.

Dereva wa lori la magodoro alikuja kuniona na machungwa. Nilikuwa nampa habari za mapishi yako, akaanza kucheka, kisha akaona sicheki. "Mjomba wako?" aliniuliza. "Yule anayeosha masufuria pale hotelini? Huyo hata chai anachemshiwa." Nikamwambia wewe ni msimamizi wa idara. Akasema, "Idara ipo kweli. Ina beseni mbili na yeye."

Halafu akasema jingine ambalo hakujua kwamba sikulijua. Kwamba hakuna daktari mkuu. Kwamba ulilala na mama kwenye benchi la hospitali siku mbili, mnasubiri namba yenu, na wewe ulimwekea bega lako awe analalia. Na kwamba uliniandikia ile barua ya mafua ukiwa hapo hapo kwenye benchi.

Sijakasirika kwamba unaosha masufuria. Mama alikuwa anafagia, mimi nashona kola, nani amcheke nani. Nimekasirika kwa sababu ruhusa ilikuwa mkononi mwangu, Mjomba. Siku tatu. Ningemkuta.

Sasa nakuomba kitu kimoja cha kweli. Hata kiwe kidogo. Kama hujui supu ile ilivyopikwa, andika hujui, nitaacha kuitafuta.

Sindano


Tarehe 15 Juni

Mpwa wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za kwanza alikuwemo kanali, nikazichana.

Sijui ilivyopikwa. Mama yako naye alikuwa hajui.

Nisubiri kidogo, usiikunje karatasi. Hotelini kwetu kuna mpishi wa kike, tunamwita Bi Mwiko kwa sababu hauachi mkononi hata akienda kujisaidia. Yeye ndiye mwenye supu ile. Miaka yote ulipokuwa shule, mama yako alikuwa akitoka kwenye ofisi zake jioni magoti hayamwendi, na mara nyingi mkaa hamna. Nikamwomba Bi Mwiko. Akawa ananiwekea supu ya tambi kwenye kopo la maziwa ya unga, lile kubwa la kilo mbili, nimelitia mshikio wa waya. Nikimaliza masufuria naja nalo kwa miguu, mwendo wa dakika arobaini na tano. Mama yako anaipokea kwa mlango wa nyuma, anaimimina kwenye sufuria yake, anaipasha kwa vijiti au kwa mkaa kiasi, anakamulia ndimu. Halafu anagonga mwiko mara tatu ili usikie. Kopo nalificha nyuma ya pipa.

Ndiyo maana alikufukuza jikoni. Aliniapisha. "Mtoto asijue imetoka hotelini," alisema. "Akikua, nataka akumbuke mama yake alikuwa anampikia." Nikaapa. Mimi ni mtu wa kusema mengi, wewe unajua, lakini hilo sijamwambia mtu. Ulipoandika Aprili unataka supu ya mama yako, nikajiona mjinga mwenye funguo asiyeruhusiwa kufungua. Nikaona afadhali nitunge. Nilifikiri moja katika hizo ninazotunga itakupita kooni.

Juzi nilimfuata Bi Mwiko. Nilikuwa nimelowa mpaka kiwikoni. "Bi Mwiko," nikamwambia, "nahitaji kujua ile supu inapikwaje."

"Miaka kumi na tisa uko nyuma yangu unaniosha sufuria," akasema, "leo ndiyo umeiona?"

"Ni ya mpwa wangu. Hali."

Akanitazama, kisha akaweka mwiko chini. Sijawahi kumwona akiuweka chini. Akasema niandike, akaona mwandiko wangu, akasema mara moja zaidi polepole.

Mifupa ya kuku, ichemke kutoka asubuhi mpaka mchana, moto mdogo. Vitunguu maji viwili, usimenye, viweke juu ya mkaa vigeuke vyeusi pande zote, halafu vitumbukize vizima na maganda yake. Hiyo ndiyo harufu yako ya kuungua. Tangawizi kipande cha kidole gumba, pilipili manga, chumvi. Tambi chemsha pembeni, dakika chache tu, bado ziwe ngumu kidogo.

"Lakini yeye anasema zilikuwa zimevimba, laini," nikamwambia.

Bi Mwiko akacheka. "Hizo si tambi zangu. Tambi zangu zinasimama. Hizo zilivimbia njiani."

Basi, Sindano, fanya hivi. Zitie kwenye kopo, mimina supu juu, funga, kisha tembea. Dakika arobaini na tano. Ukirudi pasha, kamua ndimu. Nadhani haiwezi kuwa ile bila kutembea.

Daktari sikumjua. Barua niliandika nikiwa nimeliegemea benchi, dada kalala begani kwangu upande wa kushoto, ndiyo maana ule mstari wa neno mafua umepinda. Alisema nisikutie hofu. Mimi ndiye niliyezidisha. Nilitaka uone kwamba safari hii mjomba wako ameliweza jambo.

Mjomba


Tarehe 2 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nilipata ruhusa ya Jumapili nzima. Mcheshi alinitafutia mifupa, yule anayesali alinitafutia mkaa. Vitunguu viliungua, jirani akaja kuuliza kama tunachoma nyumba. Kopo nililipata kwa mwenye duka, la maziwa ya unga, la kilo mbili, nikalitia waya.

Nikatembea. Nilizunguka ukuta wa kiwanda kwa nje, raundi tatu, kopo mkononi. Askari wa getini aliniuliza, "Dada, umepoteza kitu?" Nikamwambia ndiyo. Akanisindikiza raundi moja anatazama chini, anasaidia kutafuta.

Niliporudi nikapasha, nikakamua ndimu. Nikasimama pale sijui cha kufanya. Mcheshi akachukua mwiko akauliza, "Mara ngapi?" Nikamwambia tatu. Akagonga.

Ilikuwa yenyewe, Mjomba. Tambi zimevimba, zinakatika kwa ulimi. Nimekula bakuli zima nimeinamisha kichwa, machozi na jasho vinadondoka humo humo, na nilipomaliza nikainua macho kama nitamwona ameketi na kikombe chake. Nililala mpaka asubuhi. Jumatatu nimeshona siku nzima. Msimamizi wa zamu kapita nyuma yangu mara mbili, na mchana aliniletea ndizi. Sifungashiwi.

Nilidhani nitamkasirikia mama kwa kunidanganya. Sijaweza. Alikuwa anagonga sufuria ya supu ya mtu mwingine ili mimi nikimbie. Hata hiyo naihesabu ni kupika.

Lakini kuna jambo linanizuia. Lile kopo, nilipolimimina, lilitoa mabakuli matatu. Nimekula mimi, wamekula wenzangu wawili, na kidogo kikabaki. Kwetu lilikuwa linatoa bakuli moja. Sikumbuki hata siku moja ambayo mama alijipakulia. Alikuwa anasema ameshakula kazini. Niliwahi kwenda kwenye zile ofisi nikiwa darasa la sita kumpelekea kanga yake. Kulikuwa na birika na vikombe. Hakukuwa na chakula.

Bi Mwiko alikuwa anajaza kopo kiasi gani?

Sindano


Tarehe 10 Julai

Mpwa wangu,

Nimefurahi umekula. Niliposoma kuhusu yule askari aliyekuwa anatafuta chini nilicheka mpaka mwenye hoteli akaja kuangalia. Kwa kweli hakuja. Yuko safari.

Bi Mwiko alikuwa anajaza mpaka kifuniko kinaelea. Nimemwuliza tena ili niwe na hakika, ingawa hakika nilikuwa nayo. "Kopo la watu watatu," alisema. "Wewe, dada yako na mtoto. Kwani mlikuwa mnakula wangapi?"

Pale njiani, kabla ya kufika kwenu, kuna ukuta mfupi karibu na tangi la maji. Unaukumbuka, mlikuwa mnarukia hapo. Siku ya kwanza supu ilinimwagikia kwenye suruali, nikaketi juu ya ule ukuta nikanywa kidogo ili ishuke. Siku ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya suruali. Siku ya pili niliketi kabla haijamwagika. Baadaye nikawa na kijiko mfukoni.

Nikifika kwenu kopo lilikuwa nusu, siku nyingine chini ya nusu. Dada akiliinua analiona jepesi. Nilimwambia dada kwamba Bi Mwiko ni mkono wa birika. Miaka ile yote mama yako alimwona yule mwanamke mchoyo, hata walipokutana sokoni alimsalimu kwa mbali. Juzi nimemwambia Bi Mwiko hilo pia. Mpaka leo ananirushia masufuria bila kunitazama.

Sikujua kwamba dada hali. Naandika hivyo, kisha naona si kweli. Kuna jioni moja alinipokea mlangoni, akanisogelea usoni, akanitoa kipande cha tambi kwenye ndevu. Akakishika kwa vidole viwili, akakitazama. Akakiweka kwenye sufuria pamoja na nyingine, akaniambia, "Kaa basi kaka, umechoka." Nikakaa. Nikaanza kumsimulia habari za kanali.

Jana nilimwomba Bi Mwiko kopo moja. Alilijaza, akalisukuma mezani kwa mwiko. Nikatoka nalo mpaka kwenu bila kufungua. Nilitaka kujua kama inawezekana. Nilipita tangi la maji, nikapita ukuta, nikafika. Mlango una kufuli, nikaketi kwenye ngazi ya nyuma nikalifungua hapo. Limejaa. Linamwaga kidogo tu kwenye suruali.

Kuna jambo moja umeliacha, hukuniuliza, labda kwa heshima. Hotelini tunapewa chakula cha mchana. Sahani nzima, na ukitaka unaongezwa. Miaka ile yote nilikuwa nakula mchana, Sindano, na mara nyingi niliongezwa. Sikuwa na njaa. Supu ilikuwa inanukia tu.

Mjomba